Lengelenge Limetokea Wapi? Kutafuta Chanzo Chake Katika Soksi na Viatu vya Mbio Ndefu za Milimani

Mkimbiaji anayerudi kutoka njia za milimani akiwa na malengelenge miguuni huwa na haraka ya kukilaumu kiatu, na mara nyingi hununua kingine kabla hajajua kilichomuumiza. Kiatu kipya huja na tatizo lile lile, au huondoa lengelenge la kisigino na kuleta la kidole, kwa sababu chanzo hakikutafutwa. Mwongozo huu unaanzia mahali lengelenge lilipotokea, kisha unarudi nyuma hadi kwenye soksi, kiatu, ufungaji wa kamba au hali ya njia iliyolisababisha. Mahali penyewe ndipo penye ushahidi mkubwa kuliko wote, na ni ushahidi usiogharimu kitu.

Namna lengelenge linavyofanyika

Wengi huamini kwamba lengelenge hutokana na kiatu kuikwaruza ngozi kwa juu. Kukwaruza huleta mchubuko, ilhali lengelenge huanzia ndani zaidi. Kila hatua inapopigwa, mfupa husogea mbele na nyuma ndani ya mguu huku ngozi ikiwa imeshikwa na soksi, na soksi ikiwa imeshikwa na kiatu. Tabaka za ngozi zilizo katikati huvutwa pande mbili kwa wakati mmoja, na mvuto huo hurudiwa maelfu ya mara kwa saa, hadi seli zilizomo ndani ya ngozi ya nje zinapoachana na kuacha mwanya ambao baada ya muda hujaa majimaji. Ndiyo sababu malengelenge hutokea zaidi nyayoni na visiginoni, ambako ngozi ni nene na imeshikamana barabara na nyama iliyo chini yake, kuliko sehemu ya juu ya mguu, ambako ngozi ni nyembamba na huchunika tu.

Unyevu huongeza tatizo kwa namna isiyotarajiwa. Ngozi kavu kabisa huteleza, na ngozi iliyolowa chapachapa nayo huteleza kwa kiasi, lakini ile yenye unyevunyevu wa jasho ndiyo inayonata kuliko zote. Mkimbiaji wa mbio ndefu hukaa katika hali hiyo ya katikati kwa saa nyingi, joto la mguu likipanda na soksi ikiwa imeshiba jasho. Kwa hiyo mtu anayefanya mazoezi Dar es Salaam au Mombasa, ambako hewa imejaa unyevu na jasho halikauki upesi, anaweza kupata malengelenge kwa viatu ambavyo mwenzake wa Nairobi au Arusha anavivaa bila shida, na wote wawili wakawa wanasema kweli kuhusu kiatu kile kile.

Maswali ya kuanzia

Kabla ya kubadili chochote, andika mambo matatu: lengelenge liko wapi hasa, lilianza kuchoma saa ngapi baada ya kuanza kukimbia, na wakati huo ulikuwa kwenye ardhi ya namna gani. Maumivu yanayoanza ndani ya saa ya kwanza karibu kila mara huelekeza kwenye umbo la kiatu, mshono wa soksi au mkunjo wa kitambaa. Yale yanayoanza baada ya saa nne au tano huelekeza kwenye kuvimba kwa mguu, jasho lililokusanyika, au mafuta ya kulainisha yaliyokwisha nguvu. Lengelenge la kupanda mlima halifanani na la kushuka, na lile la mguu mmoja tu lina habari yake ya pekee: miguu ya watu wengi haifanani kwa urefu, na kiatu kilichopimwa kwa mguu mdogo humwonea ndugu yake.

Jambo la nne ni la nidhamu kuliko la ufundi. Badili kitu kimoja kwa wakati mmoja. Anayebadili soksi, kiatu na mafuta katika wiki moja, kisha akapona, hajui kilichomponya, na siku kimojawapo kikikosekana dukani atakuwa amerudi alikoanzia.

Lengelenge nyuma ya kisigino, hasa wakati wa kupanda

Hili ndilo linalojulikana zaidi. Katika kupanda, uzito uko mbele ya mguu, na kisigino huinuka mapema kuliko kwenye tambarare. Ikiwa soli ya kiatu ni ngumu na haipindi pale vidole vinapopinda, kiatu hubaki nyuma wakati kisigino kinaondoka, kisha kisigino hurudi chini na kugonga ukuta wake. Njia ya mgongoni mwa Milima ya Ngong, yenye vilima vikali vinavyofuatana, hudhihirisha kasoro hii ndani ya muda mfupi, wakati ambapo kiatu hicho hicho kinaweza kumaliza kilomita 20 za barabara bila kulalamikiwa.

Anza kwa kuchunguza kamba. Viatu vingi vya kukimbilia vina tundu la ziada juu kabisa, karibu na kifundo cha mguu, ambalo watu huliacha bila kulitumia. Pitisha kamba katika tundu hilo upande ule ule ilikotoka, ili ifanye kitanzi kidogo. Fanya hivyo upande wa pili, kisha pitisha kila ncha katika kitanzi cha upande mwingine, vuta kuelekea chini na nyuma, ndipo ufunge. Ufungaji huu hukibana kisigino bila kuibana sehemu ya vidole. Kosa la kawaida ni kukaza kamba yote kuanzia chini hadi juu, jambo linaloikandamiza sehemu ya juu ya mguu na kuleta ganzi, ilhali kisigino kinaendelea kucheza.

Kama kitanzi hakikusaidia, ingiza mkono ndani ya kiatu na upapase kitambaa cha ndani cha kisigino. Kitambaa kilicholika, kilichotoboka au kilichofanya uvimbe hakitibiwi na kamba, na kukishona huacha mshono ambao ni mbaya zaidi kuliko tundu. Hapa ndipo viatu vya mtumba vinapostahili kuangaliwa kwa makini. Wakimbiaji wengi wa Afrika Mashariki hupata viatu vyao katika masoko ya mitumba kama Gikomba la Nairobi, Karume la Dar es Salaam au Memorial la Moshi, na si jambo la kudharau, maana kiatu kizuri kilichotumika kidogo huweza kupatikana kwa sehemu ndogo ya bei ya dukani. Lakini kiatu cha mtumba kimekwisha kuzoea mguu wa mtu mwingine. Toa soli ya ndani uone alama za vidole vilivyotangulia zimeishia wapi. Kiweke kiatu juu ya meza na ukitazame kwa nyuma, kwani kisigino kilicholalia upande mmoja kitaulaza na mguu wako. Halafu bonyeza soli ya katikati kwa kidole gumba, na kama imejaa mikunjo na hairudi, kiatu hicho kimekwisha hata kama juu kinang'aa.

Baadhi ya wakimbiaji wana mfupa uliotokeza nyuma ya kisigino, na kwao ukuta mgumu wa kiatu utakuwa tatizo daima, hata namba ikiwa sahihi. Wao watafute kiatu chenye ukuta laini unaobonyea kwa kidole, wala wasijitie katika kununua namba kubwa zaidi, kwa sababu kiatu kikubwa huongeza mchezo wa kisigino.

Ncha za vidole na kucha nyeusi, hasa wakati wa kushuka

Njia ya kushukia ya Mweka katika Mlima Kilimanjaro huteremka kutoka mita 5,895 kileleni hadi takribani mita 1,640 langoni, na wapagazi na waongozaji wanajua vema kwamba watu wanaopanda bila shida ndio hao hao wanaorudi wakichechemea. Katika mteremko mrefu, mguu huteleza mbele ndani ya kiatu kila hatua, vidole hugonga ncha, na damu hukusanyika chini ya ukucha au lengelenge hufanyika penye ncha ya kidole.

Sababu ni mbili, na zinaleta dalili moja. Ya kwanza ni kiatu kifupi. Ya pili ni kiatu chenye urefu wa kutosha lakini kisichoushika mguu katikati, hivyo mguu unatembea humo ndani hadi ukute kizuizi. Kuzitofautisha ni rahisi: funga kitanzi kilichoelezwa hapo juu, kaza kamba za katikati, kisha shuka mteremko mkali kwa dakika chache. Vidole vikiacha kugonga, tatizo lilikuwa ufungaji. Vikiendelea kugonga, kiatu ni kifupi, na hakuna soksi itakayokirefusha.

Katika kupima urefu, simama na uzito wote ukiwa mguuni, ukiwa umevaa soksi za kukimbilia, na uhakikishe kwamba mbele ya kidole kirefu kuliko vyote panabaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Nimesema kidole kirefu kuliko vyote kwa makusudi, kwa maana watu wengi kidole chao cha pili kimekizidi kile kikubwa, na muuzaji hubonyeza kikubwa tu. Pima jioni, wakati mguu umekwisha kuvimba kwa shughuli za siku, kwa sababu katika mbio za saa nyingi mguu utavimba zaidi ya hapo. Namba moja ya Ulaya huongeza takribani milimita 6.7, na namba moja ya Uingereza takribani milimita 8.5, hivyo nusu namba ya Uingereza ni kama milimita 4, ambazo kwa wengi ndizo tofauti kati ya kucha zilizo hai na zilizokufa. Sokoni hakuna mteremko wa kujaribia, lakini unaweza kugonga ncha ya kiatu sakafuni mara kadhaa. Ukihisi ukuta wa mbele kwa vidole, kirudishe.

Kucha zikatwe siku mbili au tatu kabla ya mbio, kwa mstari ulionyooka, na ncha zake zisuguliwe kwa tupa hadi kidole cha mkono kikipita juu yake kisikwame. Ukucha uliopinda hushika soksi, nayo soksi huvuta ngozi.

Kati ya vidole, na kidole cha mwisho

Lengelenge la hapa huletwa na vidole vyenyewe kusuguana vikiwa vimebanwa na kulowa jasho. Kidole cha mwisho mara nyingi hujikunja chini ya jirani yake, na mtu hugundua lengelenge limejificha upande wa chini, mahali asipopatazama. Chanzo cha kwanza ni kiatu chembamba mbele. Toa soli ya ndani, iweke sakafuni, simama juu yake pekupeku. Kama nyama ya mguu inamwagika nje ya ukingo wake, kiatu ni chembamba, na kununua namba ndefu zaidi kutaongeza urefu bila kuongeza upana wa maana.

Soksi zenye vidole, yaani zile zilizoshonwa kama glavu, hutenganisha ngozi na ngozi, nazo ni tiba nzuri hapa kuliko popote pengine. Masharti yake ni mawili. Zinahitaji nafasi ya ziada mbele ya kiatu, kwa sababu zinaongeza kitambaa kati ya vidole, kwa hiyo zikivaliwa katika kiatu ambacho tayari kinabana hugeuka kuwa sehemu ya tatizo. Pia huchukua muda kuzivaa sawasawa, na anayezivaa haraka gizani kabla ya mbio huacha mikunjo penye mashina ya vidole.

Mbele ya unyayo, nyuma tu ya vidole

Hili ndilo sugu kuliko yote, na ndilo linaloweza kummaliza mkimbiaji, kwa kuwa hapo ndipo mguu unaposukuma ardhi na ndipo unapofunga breki. Lengelenge likikaa katikati ya eneo hili, sababu kubwa ni joto na mwendo wa kufunga breki katika mteremko: mkimbiaji anatupa mguu mbele sana, unatua mbele ya mwili, na kila hatua inauvuta unyayo kuelekea vidoleni. Hatua fupi na za haraka zaidi hupunguza mvuto huo kabla ya pesa yoyote kutumika.

Kisha itazame soli ya ndani. Kitambaa chake huanza kuchanika au kukunjamana, na gundi iliyo chini yake huachia hasa baada ya viatu kuanikwa juani au karibu na moto, tabia ambayo inafaa kuachwa kabisa. Soli ya ndani ambayo imekuwa na utelezi usio sawa, sehemu moja laini na nyingine yenye kukwaruza, ibadilishwe. Vipo pia vipande vya plastiki laini sana inayoitwa politetrafluoroethilini, vinavyobandikwa ndani ya kiatu na si kwenye ngozi, ambavyo hupunguza msuguano mahali pamoja tu panapotakiwa. Mantiki yake ni njema, kwa kuwa mguu wote ukiteleza mkimbiaji hupoteza mshiko, na kinachotakiwa ni utelezi wa mahali palipo na shida.

Likiwa chini ya sugu, yaani ngozi ngumu ya manjano, lengelenge huwa la kina na haliwezi kutobolewa kwa urahisi. Watu waliokulia kutembea pekupeku hujivunia sugu zao, na ni kweli kwamba ngozi iliyozoea huhimili zaidi. Lakini sugu nene hukaa juu ya ngozi kama kigae na kuhamishia mvuto wote kwenye ukingo wake. Isuguliwe kidogo kidogo kwa jiwe la kusugulia miguu baada ya kuoga, isikatwe kwa wembe.

Ukingo wa kisigino na uvungu wa mguu

Njia nyingi za Usambara, kutoka Lushoto kuelekea Mtae, hukata ubavu wa mlima, na mkimbiaji hukanyaga ardhi iliyoinamia upande mmoja kwa muda mrefu. Mguu husukumwa upande wa bonde, na ngozi ya pembeni mwa kisigino hubanwa kati ya mfupa na ukingo wa soli ya ndani. Lengelenge la mguu mmoja, upande wa nje, baada ya njia ya namna hiyo, si la kiatu kibovu. Soli ya ndani yenye ukingo uliosimama mno ndiyo ya kushukiwa, pamoja na kiatu kipana kisigino. Lengelenge la uvungu wa mguu, kwa upande wake, karibu kila mara huletwa na soli ya kununua yenye mwinuko mkubwa, na dawa yake ni kurudisha ile iliyokuja na kiatu.

Soksi zenyewe

Soksi za pamba ndizo zinazouzwa kila kona, na ndizo zisizofaa kwa kazi hii. Pamba hunywa jasho na kulihifadhi, hulegea, hukunjamana, na kumweka mkimbiaji katika ule unyevunyevu unaonata. Utafiti wa Herring na Richie uliochapishwa mwaka 1990 uliwafuatilia wakimbiaji wa masafa marefu, na waliovaa soksi za akriliki walipata malengelenge machache na madogo kuliko waliovaa za pamba za ufumaji ule ule. Utafiti wao uliofuata, kwa soksi za kawaida zisizokuwa na vifundo vya ndani vilivyosongamana vya kufanya kitambaa kiwe kinene, haukuonyesha faida hiyo. Funzo lake kwa mnunuzi ni kwamba jina la uzi pekee halitoshi. Ufumaji wenye vifundo laini ndani, unaoruhusu kitambaa chenyewe kupokea mvuto badala ya ngozi, una umuhimu sawa na uzi wenyewe.

Nyuzi zinazofaa ni nailoni, poliesta, akriliki, na sufu ya merino. Sufu ya merino hubeba mvuke wa jasho kwa wingi kabla haijahisiwa kuwa imelowa, na hainuki upesi, lakini huchakaa mapema kisiginoni isipochanganywa na nailoni. Katika joto la pwani ningechagua nailoni nyembamba, na katika baridi ya Mlima Kenya au Aberdare ningechagua mchanganyiko wa merino.

Soksi nyingi za mitaani hazina lebo, au lebo yake haiaminiki. Vuta uzi mmoja, uushike kwa kibano, uuchome. Pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini, sufu hunuka nywele zilizoungua, na nailoni au poliesta huyeyuka na kuganda kuwa punje ngumu. Kwa mchanganyiko jibu halitakuwa safi, ila utajua kama kuna kitu kinachoyeyuka. Jaribio la pili halihitaji moto: lowesha soksi mbili, zikamue sawasawa, zianike kivulini, uone ipi inayokauka kwanza.

Soksi kubwa kuliko mguu hufanya mikunjo, na ndogo huvuta vidole na kukaza ncha. Namba ya soksi ifuate namba ya mguu, si namba ya kiatu, kwa kuwa kiatu cha mbio za milimani kimeongezwa kwa makusudi. Mshono wa mbele ukiwa mnene, soksi inaweza kuvaliwa nje-ndani, mradi ufumaji wake unaruhusu. Soksi za tabaka mbili hufanya kazi kwa kuruhusu tabaka moja kuteleza juu ya jingine, hivyo mvuto unamalizikia kati yake badala ya kufika kwenye ngozi. Zinafaa kwa mbele ya unyayo na kisigino, lakini zinaongeza joto, na zikijaa maji huchelewa kukauka. Ufuaji nao una sehemu yake: vilainishi vya nguo huacha utando kwenye nyuzi, na soksi iliyokuwa ikisukuma jasho nje huanza kulishika. Sabuni ya kawaida na kusuuza mara mbili vinatosha.

Maji, tope na vumbi

Wakati wa masika, mkimbiaji wa misituni hawezi kuepuka kulowa. Kiatu kisichopitisha maji kinaonekana jibu, lakini maji yakiingia kupitia mdomo wa kiatu, kwenye kivuko au kwenye majani marefu, hayana pa kutokea, na mguu hupikwa humo kwa saa zote zilizobaki. Kwa mbio ndefu, kiatu chenye kitambaa cha wavu kinachotoa maji ndani ya dakika chache ni bora. Ngozi iliyoloweka hunyauka, hupauka, na huchanika kwa mguso ambao ingekuwa kavu usingeiathiri. Dalili yake si lengelenge moja bali mikunjo myeupe nyayo nzima, yenye maumivu kila mahali. Hakuna plasta ya hali hiyo. Kinachosaidia ni soksi kavu ndani ya mfuko wa plastiki, zibadilishwe baada ya kivuko cha mwisho na si kabla yake.

Vumbi ni tatizo la upande wa pili. Lewa Safari Marathon, inayokimbiwa kila Juni katika hifadhi ya Lewa nchini Kenya, hupita kwenye barabara za udongo, na vumbi laini hupenya kitambaa cha wavu, huchanganyika na jasho na chumvi yake, na kuwa msasa. Vitambaa vya kufunika mdomo wa kiatu na kifundo huzuia mchanga na vijiwe. Wakimbiaji wa Marathon des Sables, zenye takribani kilomita 250 katika jangwa la kusini mwa Moroko, huvifunga kwenye kiatu kuzunguka pande zote ili kusibaki upenyo. Bila kitambaa hicho, simama utoe kijiwe mara unapokihisi. Dakika iliyookolewa kwa kutosimama hulipwa kwa saa nzima ya kuchechemea.

Mafuta, plasta na dawa za jasho

Hivi ni vya mwisho katika orodha ya kujaribu, baada ya kiatu na soksi kusahihishwa. Mafuta ya mgando hupunguza msuguano mwanzoni, lakini faida hiyo hupotea ndani ya muda mfupi, na baadaye msuguano unaweza kuwa mkubwa kuliko kabla ya kupaka. Anayeyatumia katika mbio za saa sita hana budi kupaka upya njiani, na ndiyo maana mtu husema yalimsaidia katika mbio fupi na kumsaliti katika ndefu.

Plasta ya karatasi, ile nyembamba inayotumiwa hospitalini kushikilia bandeji, ni rahisi na ina ushahidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwahusisha wakimbiaji 128 wa mbio za kilomita 250 zinazogawanywa katika vipande vya siku kadhaa, na sehemu zilizobandikwa plasta hiyo zilipata malengelenge pungufu kwa takribani asilimia 40 kuliko zisizobandikwa. Ibandikwe kwenye ngozi kavu isiyo na mafuta, bila kuvutwa, pembe zake zikiwa zimekatwa kwa mviringo, kisha soksi ivaliwe kwa kukunjuliwa juu yake na si kwa kuburuzwa.

Dawa za kuzuia jasho zenye alumini kloridi zilijaribiwa kwa makadeti wa jeshi la Marekani, na matokeo yakachapishwa mwaka 1998. Katika matembezi ya kilomita 21, asilimia 21 ya waliozipaka walipata malengelenge, ikilinganishwa na asilimia 48 ya waliopaka dawa ya kulinganishia isiyo na kizuia jasho, lakini zaidi ya nusu ya wale wa kwanza waliwashwa na ngozi. Kwa maoni yangu gharama hiyo ni kubwa mno kwa mkimbiaji ambaye hajamaliza kurekebisha kiatu chake.

Likianza kuchoma njiani

Mahali panapochoma kabla lengelenge halijajaa pana dakika chache za kuokolewa. Vua kiatu, futa mguu ukauke, toa mchanga, nyoosha soksi, bandika plasta, funga kamba upya kulingana na dalili: kitanzi cha juu kwa kisigino, kulegeza za mbele kwa vidole. Lengelenge dogo lisilouma liachwe. Kubwa lililo mahali pa kukanyagia, ambalo lingepasuka lenyewe, litobolewe pembeni chini kwa sindano iliyosafishwa kwa spiriti, matundu mawili au matatu, likamuliwe taratibu, na ngozi ya juu ibaki mahali pake kama kifuniko. Lenye damu lisitobolewe njiani. Mwenye kisukari, au mwenye ganzi ya miguu, asijitoboe kabisa, aende kituo cha afya.

Katika siku zinazofuata, wekundu unaopanuka, joto, usaha, michirizi myekundu inayopanda mguuni au homa ni dalili za maambukizi zinazohitaji daktari siku hiyo hiyo. Ngozi ya kifuniko ikishakauka na kutoka yenyewe, ile mpya iliyo chini huwa laini na huumia upesi, kwa hiyo mazoezi ya kwanza yawe mafupi, kwenye tambarare, na katika soksi na viatu vilivyokwisha kubadilishwa kulingana na mahali lengelenge lilipotokea.